Ritifaa Mpakani: Lugha ya R, Programu Nyingine na Orodha za Maneno ya Turiani



Turiani ipo chini ya milima ya Nguru, wilayani Mvomero, mkoani Morogoro. Huko husikika Kinguu na Kizigua, lugha ambazo wanaisimu huziweka katika kundi la Seuta pamoja na Kishambaa na Kibondei. Upande wa kusini, katika milima ya Uluguru, kuna Kiluguru, ambacho ni cha kundi la Ruvu. Mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Mtibwa vimevuta wafanyakazi kutoka pande nyingi za nchi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mtafiti wa msamiati katika mahali kama hapa hurudi na orodha ndefu za maneno. Mhadhara huu unahusu yanayozipata orodha hizo baada ya kutoka uwandani.

Orodha hupitia programu kadhaa. Huandikwa katika Word au Excel. Matini ya Kiswahili huweza kupitishwa katika kichanganuzi cha mofolojia kama SWATWOL, ambacho Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kukiunda mwaka 1985, kwa kufuata mofolojia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi. Hesabu nazo hufanywa katika R, lugha ya programu za takwimu iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000.

R imefuata mfano wa lugha ya S, iliyoanzishwa na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1976. Tangu mwanzo S ilikusudiwa kuwa daraja la kuzifikia programu za hesabu zilizokwisha kuandikwa kwa Fortran. Basi kuunganishwa na mifumo mingine si nyongeza katika R, bali ni tabia aliyozaliwa nayo. Leo R huweza kuita programu za C na Fortran, kusoma kanzidata kupitia kifurushi cha DBI, na kuzungumza na Python kupitia kifurushi cha reticulate. Hata hivyo, njia inayotumiwa mno na wanaisimu ni ile nyepesi kuliko zote: programu moja huandika faili, na nyingine huisoma. Wepesi huo ndio unaoficha hatari.

Chukua faili yenye safu mbili, neno na maana yake, zilizotenganishwa kwa kichupo. Ndani yake mna maneno manne yanayofuatana: ng'aa, ng'amua, ng'oa, ng'ombe. Amri ya read.table, isipoelekezwa vingine, huichukulia ritifaa kuwa alama ya kufungua nukuu. Ikifika kwenye ng'aa, humeza kila kitu, pamoja na mwisho wa mstari, mpaka ikutane na ritifaa ya ng'amua. Hapo nukuu hufungwa, na maana ya neno la pili hukaa katika safu ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Mistari minne huwa miwili. Kwa kuwa idadi ya safu inalingana na idadi ya ritifaa ni shufwa, hakuna onyo lolote. Ikiwa orodha imepangwa kwa maana badala ya alfabeti, maneno yote yaliyo kati ya ng'ombe mmoja na ritifaa inayofuata hutoweka katika hesabu.

Tatizo la pili ni la mwandiko. Word hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, lakini programu nyingine nyingi haziigeuzi. Kwa msomaji, ng'ombe na ng’ombe ni neno moja. Kwa kompyuta ni mawili. Aliyekwepa tatizo hili kwa kuandika ŋ alikutana na la tatu: katika Windows, kabla ya toleo la 4.2.0 la mwaka 2022, R haikutumia UTF-8 kama usimbaji wake wa kawaida, na herufi hiyo iliweza kuonekana kama <U+014B>.

Makosa haya yana uzito wa kitaaluma. Mtafiti anaweza kuhitimisha kwamba nazali ya kaakaa laini ni adimu katika usemi wa Turiani, akachora jedwali na kulitetea, ilhali uadimu huo haukutoka kinywani mwa msemaji yeyote. Umezaliwa mpakani, baina ya programu mbili. Lugha zenye maandishi machache huumia zaidi, kwani hakuna kopasi kubwa ya kusahihisha hitimisho hilo.

Dawa yake haihitaji ufundi mkubwa. Mistari ihesabiwe kabla na baada ya kila kivuko. Amri ya kusoma ielezwe wazi kwamba hakuna alama za nukuu, yaani quote="", na usimbaji utajwe. Ritifaa zifanywe za aina moja kwa amri iliyoandikwa na kuhifadhiwa, wala si kwa mkono. Faili ya asili isiguswe. Na jedwali likishapatikana, lirudishwe kwa wasemaji wa Turiani walisikilize, kwa maana wao ndio wanaojua ni maneno gani waliyatamka.