Matairi ya Mjomba Yaliyokaa Stoo



Leo sitazungumzia bei ya mahindi wala foleni za barabarani. Nataka kuwasimulia ugomvi wangu na mjomba wangu wa Bulongwa, ugomvi uliohusu matairi manne.

Bulongwa, kwa wasioifahamu, iko wilayani Makete, mkoani Njombe, juu kabisa kwenye milima. Mwezi Juni mtu hatoki nje asubuhi bila koti zito, na ukungu hukaa barabarani mpaka saa nne. Huko ndiko mjomba alikorudi kupumzika baada ya miaka mingi ya biashara ya mbao. Na kama walivyo Wakinga wengi waliohangaika na biashara, hakurudi mikono mitupu. Alirudi na gari lake, Datsun 240Z.

Vijana huenda hawalijui gari hili. Ni la milango miwili na viti viwili, boneti ndefu, kitako kifupi. Mwaka 1971 lilishinda mashindano ya Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta. Enzi zile watu walijipanga kando ya barabara kusubiri vumbi lake. Mjomba alilinunua Iringa mwaka 1984 kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, na tangu hapo halijatumika kwa kazi ya kawaida. Linaoshwa, linawashwa, linafunikwa.

Sasa mjukuu wake akapata mchumba, harusi ikapangwa kufanyika Makambako, naye mjomba akatangaza kwamba bibi harusi atapanda Datsun. Nikapanda basi kwenda kumsaidia kuandaa safari.

Nilipofika nikaamkia, nikapewa chai, nikapelekwa stoo. Mjomba akafunua turubai kwa fahari. Matairi manne meusi, meno yake yote yapo, hata vile vinyweleo vya mpira wa kiwandani havijakatika. "Hayajatembea hata kilomita mia tano, mjomba," akaniambia. "Niliyanunua Dar es Salaam nikayahifadhi kwa siku kama hii."

Nikaomba tochi. Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, huwa kuna tarakimu. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Haya ya mjomba yalikuwa na tarakimu tatu tu, 379. Yaani wiki ya 37 ya mwaka wa 9, na kwa kuwa risiti ilikuwapo, tulijua ni 1999. Tairi jipya lenye umri wa kuoa! Nikalikunja ubavu kwa kidole gumba, nyufa nyembamba zikajitokeza kama tope lililokauka.

Mjomba hakukubali. "Mimi nimeuza mbao miaka arobaini," akasema. "Mbao ikikaa ndiyo inakuwa nzuri."

Jibu hilo lilinisumbua usiku kucha, maana lina mantiki yake. Lakini mbao tunataka ikauke, na mpira kukauka ndiyo kifo chake. Hewa yenyewe huula mpira polepole. Watengenezaji huchanganya ndani yake dawa zenye asili ya nta, na dawa hizo husogea kuja juu tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Tairi lililolala stoo halipati hiyo huduma. Kampuni ya Michelin, ambayo ndiyo iliyobuni tairi la radiali mwaka 1946, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatimiza miaka mitano ya kutumika, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa libadilishwe hata kama linapendeza machoni.

Wengi mtamkumbuka Paul Walker, yule mcheza sinema za magari, aliyefariki California mwezi Novemba 2013 akiwa abiria katika Porsche Carrera GT. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo mkali, na hilo lisisahaulike. Lakini walieleza pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na umri wa miaka tisa, na kwamba huenda umri huo ulichangia gari kukosa utulivu.

Nikamweleza mjomba habari hiyo asubuhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye si mtu wa mwendo mkali. Kweli. Ila zamani barabara ya Makete ilikuwa udongo, na kwenye udongo mzee wa kilomita thelathini kwa saa husamehewa mengi. Sasa kutoka Makete hadi Njombe ni lami, na lami humtia mtu mwendo bila yeye kujua, tena kwenye kona na miteremko. Nikamuuliza: ubavu wa tairi ukipasuka pale, na mtoto wa watu amevaa shela kiti cha kushoto, tutawaambia nini wakwe?

Hapo akatafuta kofia yake. Tukaenda Makambako.

Muuzaji wa kwanza alitupa matairi ya Hiace, 195 R14 yenye herufi C. Rimu ya Datsun ni ya inchi 14, kwa hiyo yanaingia, na bei ilikuwa nzuri. Nikakataa. Herufi C ni ya magari ya mizigo. Tairi lile hubeba hadi kilo 950 peke yake, na Datsun nzima ina uzito wa tani moja hivi. Ubavu wake ni mgumu mno kwa gari jepesi namna hiyo. Litadundadunda kama mpira wa kona. Wa pili alikuwa na mitumba ya Japani yenye meno ya kuvutia, tarakimu zikisema 2012. Tukamshukuru.

Tatizo halisi lilikuwa saizi. Gari lilitoka kiwandani na 175 HR 14, namba za zamani zisizotaja urefu wa ubavu. Yanatengenezwa bado Ulaya kwa ajili ya magari ya kale, ila harusi haikusubiri meli. Saizi ya 195/70 R14 ina kimo kinachokaribia kile cha asili, lakini huhitaji rimu ya upana wa inchi tano, na rimu za mjomba zina nne na nusu. Ya 185/70 R14 inakaa vizuri kwenye rimu hizo, ila ni fupi kidogo: saa ya mwendo ikionyesha 80, wewe uko kwenye 77. Kosa la namna hiyo nalikubali. Ubavuni iliandikwa 88, maana yake kilo 560 kwa kila tairi, inatosha na kubaki. Tarakimu zilikuwa 3124. Hayakuwa yametimiza mwaka. Tukachukua manne ya aina moja, maana kuchanganya mapya na ya kale katika gari jepesi ni kujitafutia kuserereka kwenye mvua.

Mjomba alilipa akilalamika kwamba fedha ile ingenunua ndama wawili. Harusi ilifana. Datsun liliingia Makambako likipigiwa vigelegele kuliko bwana harusi. Yale matairi ya stoo hayafai hata kwa katambuga, kwa sababu ya waya zilizomo ndani, hivyo shangazi ameyajaza udongo na kuotesha maua.

Niliporudi Dar es Salaam nikafungua buti ya gari langu mwenyewe, nikatoa tairi la akiba ambalo sijawahi kulitazama tangu ninunue gari. Meno yote yapo. Tarakimu: 1811. Mjomba sijamwambia.