Moyo Usipuuzwe Mapafu Yauguapo



Homa ya mapafu aghalabu huhesabiwa kuwa ugonjwa wa kifua peke yake. Mgonjwa hupimwa joto, husikilizwa pumzi, kisha hupewa dawa; mapigo ya moyo wake husahauliwa. Kosa hilo lina gharama, na ushahidi wake ulionekana Wuhan, nchini China.

Mwezi Januari, 2020, Hospitali ya Zhongnan mjini humo ililaza wagonjwa 138 wa homa ya mapafu iletwayo na virusi vya korona. Kati yao 23 walipatwa na mvurugiko wa mapigo ya moyo. Katika wagonjwa 36 waliohitaji chumba cha mahututi, 16 walikuwa na mvurugiko huo. Katika 102 waliosalia, ni 7 tu.

Je, moyo ndio uliowafikisha mahututi? Hesabu hiyo peke yake haisemi hivyo. Yafaa ieleweke kwamba maradhi haya hufuatana kwa njia mbili. Kwanza, mapafu yaliyojaa majimaji huinyima damu oksijeni. Joto kali na upungufu wa potasiamu navyo huuchokoza moyo, ukapoteza mwendo wake. Hapo mvurugiko ni dalili kwamba ugonjwa umekomaa. Pili, moyo uliopoteza mwendo hausukumi damu sawasawa. Pengine damu huganda ndani yake, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Hapo dalili imekwisha kuwa adui mpya.

Yako pia madhara yaletwayo na mkono wa binadamu. Hidroksiklorokwini, hasa ikichanganywa na azithromaisini, yaweza kuvuruga umeme wa moyo. Machi 2020 Marekani iliiruhusu dawa hiyo kwa dharura kutibu korona. Juni 15 mwaka huo huo ruhusa ikafutwa, kwani faida haikuonekana ilhali madhara ya moyo yaliripotiwa.

Kwa hiyo basi, hapana budi moyo uangaliwe pamoja na mapafu. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika. Homa huyaongeza, lakini yakirukaruka pasipo mpango, mgonjwa na awahishwe hospitali. Kuyahesabu kwataka vidole viwili na saa. Somo hilo mwalimu aweza kulifundisha kesho asubuhi, na mtoto akalipeleka nyumbani jioni.