Mhandisi na Mlima

Tuzo ya kumbukumbu ya marehemu tumezoea ilipie ada au vitabu. Uingereza zipo tuzo zinazompeleka mwanafunzi wa uhandisi milimani na majini, akajifunze kuishi nje na wenzake. Je, nasi tunazihitaji?

Tuanze na chimbuko la mafunzo hayo. Mwaka 1941 mwalimu Kurt Hahn na mfanyabiashara wa meli Lawrence Holt walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, kuwakomaza mabaharia vijana wakati wa vita. Mwaka 1952 ikafunguliwa nyingine Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Kwa hiyo si jambo geni kwetu Afrika Mashariki.

Linamhusu nini anayesubiri pantoni hapa Feri, Dar es Salaam, ndoo ya samaki mkononi? Linamhusu sana. Mlango wa pantoni ukigoma kushuka, bajaji zimebanana, abiria wanapiga kelele, anatakiwa fundi anayetulia, anayepanga watu, anayethubutu kusema "subirini". Hilo, kwa maoni yangu, mtihani wa karatasi haulipimi.

Sasa upande wa pili. Mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), pale makutano ya barabara za Morogoro na Bibi Titi, atakuuliza: nipande mlima, na nauli ya mafunzo kwa vitendo sina? Ana hoja nzito. Wengine watasema Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linatosha, ingawa kutii amri na kufanya uamuzi si kitu kimoja.

Basi likipatikana fungu moja tu, kwa jina la mhandisi aliyetutoka, lilipie karakana au mlima?