Wiki ya Kwanza ya Masomo kwa Watoto wa Darasa la Saba na la Nane

(Hotuba ya mwalimu wa darasa la saba katika mkutano wa Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, kambi ya Nyarugusu, Kigoma)



Tarehe 5 Oktoba inatukumbusha Mapendekezo juu ya hali ya walimu yaliyopitishwa Paris mwaka 1966. Tangu mwaka 1994 siku hii inaadhimishwa duniani kote. Kamati imeniomba niseme machache juu ya kazi yetu, nami nimechagua wiki ya kwanza ya masomo kwa watoto wa darasa la saba na la nane.

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inahesabu madarasa haya mawili kuwa mwisho wa elimu ya msingi ya miaka 8. Lakini hapa ndipo wengi wanapotuponyoka. Mtoto wa miaka 13 au 14 ameanza kujiuliza kama shule ina faida. Mvulana anaitwa kufyatua matofali, msichana anabaki nyumbani na wadogo zake. Wazee walisema nyota njema huonekana asubuhi. Mtoto anaipima shule katika siku zile tano za mwanzo.

Naomba nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilifanya kama nilivyozoea tangu chuo cha ualimu: kila mwanafunzi asimame, aseme jina lake, alikotoka, na kazi ya baba yake. Msichana mmoja alitaja jina, akanyamaza. Nilidhani ni haya, nikarudia swali. Darasa zima likamgeukia. Akakaa chini, na kesho yake hakuja. Baadaye nikaelewa kwamba kati yetu wapo waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wapo waliozaliwa hapa hapa, na wapo waliofika mwaka 2023 kutoka Kivu ya Kaskazini. Swali langu, ambalo mahali pengine ni la salamu tu, hapa lilikuwa kidole katika kidonda.

Tangu hapo nimebadilisha. Nawaeleza ninayofanya sasa. Hayahitaji fedha, na yanawezekana hata kwa darasa la watoto 80.

Siku ya kwanza ni ya majina. Kila mtoto anakunja karatasi na kuandika jina analotaka kuitwa. Jina la kwenye karatasi ya mgao si lazima liwe jina analoitwa na mama yake. Halafu tunatoka nje, makundi ya watoto 10, kila kundi na mpira wa matambara. Unataja jina la mwenzako, ndipo unamrushia. Nami nacheza kila kundi kwa zamu, na ninapokosea jina watoto wananisahihisha. Maana ya jina siulizi. Anayetaka kuieleza ataieleza mwenyewe. Anayeitwa Masumbuko aachwe apumzike.

Siku ya pili ni ya ujuzi. Kila mtoto anaandika sentensi moja inayoanza na neno "Najua". Najua kuziba pancha ya baiskeli. Najua kukaanga mandazi. Najua kunyoa. Tunazibandika ukutani, kisha kila mmoja anatafuta mwenzake wa kumfundisha kitu kimoja. Mimi nazihifadhi sentensi hizo mwaka mzima. Nikifika kwenye hesabu za ujazo, namwita yule wa matofali atuambie vipimo vya kalibu yake. Siku hiyo kazi iliyokuwa inamtoa shuleni inamweka mbele ya ubao.

Siku ya tatu ni ya kanuni. Makundi yanapendekeza, darasa linachagua tano, wote tunatia sahihi. Moja ni lazima inihusu mimi mwalimu. Mwaka mmoja waliandika: "Mwalimu asicheke Kifaransa chetu." Nilitia sahihi, na ilinipasa kuitii.

Siku ya nne ni ya kupima bila alama. Imla fupi ya Kifaransa, hesabu 10, na aya moja kwa Kiswahili. Sitoi nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Naandika kwenye daftari langu tu: huyu anaweza, huyu bado kidogo, huyu tuanze naye pamoja. Aliyekosa shule miaka miwili akipewa sifuri siku ya nne, hatumwoni siku ya tano.

Siku ya tano kila mmoja anajiandikia barua: mpaka mwisho wa mwaka nataka niwe nimejua nini? Barua zinafungwa na kuwekwa ndani ya kopo la maziwa. Sizisomi. Tunalifungua siku ya mwisho ya masomo, kila mtu anachukua yake.

Tena, kila siku kati ya hizo tano lazima kuwe na somo moja la kweli, hata la nusu saa. Mtoto akiulizwa nyumbani umejifunza nini, awe na jibu.

Sasa ninayo maombi. Wazazi, siku ya mgao ikiangukia wiki ya kwanza, tafadhali apange foleni mtu mwingine wa nyumbani. Wageni wetu wa mashirika, chaki na madaftari vikifika wiki ya sita, wiki ya kwanza imekwisha kwenda na hairudi. Na wale wenye fomu za kuwauliza watoto habari za familia zao, tunaomba msiingie darasani siku hizo. Njooni kwanza kwa walimu, tushauriane.

Na yule msichana? Mwalimu mwenzangu, mama mmoja, alikwenda kwao. Hakumwuliza kitu. Alimsaidia kuchambua maharage, na wakati wa kuaga akamwambia: "Nafasi yako kwenye benchi ipo." Wiki ya tatu alirudi, akamaliza mwaka pamoja nasi. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, lakini mama yule ndiye aliyenifundisha jinsi ya kufungua mwaka.