Maumivu ya Viungo: Damu Peke Yake Haitoshi



Vidole vikiuma, wengi wetu husema ni uzee au ni maji baridi. Baridi yabisi si hayo. Ni kinga ya mwili iliyogeuka kushambulia viungo vya mwenyewe. Huwapata zaidi wanawake, na huweza kuanza hata mtu akiwa na miaka 30.

Daktari akishuku ugonjwa huu, hupima damu. Hutafuta kingamwili aina mbili, RF na anti-CCP. Hii ya pili yaweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya maumivu. Vipimo vya ESR na CRP huonyesha kama mwilini mna uvimbe. Watafiti wanachunguza pia seli nyeupe za damu, lakini kipimo hicho bado si cha kliniki za kawaida.

Sasa sikilizeni. Wagonjwa 2 au 3 kati ya 10 hawaonyeshi kingamwili hizo. Tena, mtu mwenye afya anaweza kupatikana na RF. Ndiyo maana daktari husoma majibu ya damu huku akikagua mikono yako.

Ukiamka vidole vimekakamaa zaidi ya nusu saa, vimevimba mikono yote miwili, na hali imedumu wiki kadhaa, usitegemee dawa za maumivu za dukani. Hizo hutuliza tu. Kiungo kinaendelea kuharibika. Nenda kituo cha afya. Dawa za kuuzuia ugonjwa wenyewe zipo, na zikianzwa mapema huokoa viungo.