Jeshi la Mizuka

Jioni hii twapenda kuwaeleza habari za askari ambao silaha yao kubwa haikuwa risasi, bali uwongo uliopangwa kwa utaratibu.

Mwezi wa Januari 1944, katika Vita Kuu ya Pili, Marekani iliunda kikosi cha watu wapatao 1,100. Kazi yao ilikuwa kumfanya Mjerumani aamini kwamba mbele yake pana jeshi la maelfu, mahali ambapo jeshi halipo. Baadaye waliitwa Jeshi la Mizuka.

Adui hupata habari kwa macho, kwa masikio na kwa simu ya upepo. Kwa hiyo kikosi kiligawanywa katika sehemu nne. Wa kwanza, ambao wengi wao walikuwa wachoraji, walijaza upepo vifaru na mizinga ya mpira, ili rubani wa adui atazamapo toka juu avidhanie ni vya kweli. Wa pili walikuwa na vipaza sauti vikubwa juu ya magari, wakatoa usiku ngurumo za vifaru zilizonaswa kabla. Nazo zilisikika hata kilomita 24. Wa tatu walikuwa wapigaji wa simu ya upepo. Kila mpigaji ana mkono wake, kama kila mwandishi alivyo na hati yake. Basi walijifunza kuiga mkono wa wenzao waliokwisha kuondoka. Wa nne walikuwa walinzi. Tena wengine walivaa alama za vikosi vingine, wakaenda mikahawani kuropoka kwa makusudi.

Mambo hayo yote yalipaswa kupatana. Kama masikio yangalikanusha macho, hila ingalijulikana, na watu hao wachache wangaliangamia.

Machi 1945, kando ya mto Rhine, walijifanya kuwa divisheni mbili, watu 30,000 na zaidi. Wajerumani walipokuwa wakiwaangalia hao, Jeshi la Tisa la Marekani lilivuka mahali pengine tarehe 24, likapoteza watu wachache. Siri hiyo ilifichwa miaka mingi. Mwaka 2024 Bunge la Marekani liliwatunuka nishani ya dhahabu, na wachache tu walikuwa hai.

Nasi tunajifunza nini? Mjerumani aliamini kwa kuwa mashahidi wake wote walikubaliana, asijue kwamba wote walitumwa na bwana mmoja. Basi tusikiapo habari moja kwa vinywa vitatu, tuulize kwanza: vinywa hivyo ni vya nani?