Umeme Uvukao Hewani

Fikirini kipima kidogo kilichofungwa juu ya daraja refu ili kiangalie mtikisiko wa chuma. Betri yake ikiisha, chuma chaweza kupasuka pasipo mtu kuarifiwa. Je, nani kati yenu atapanda kuibadilisha?

Iko njia nyingine. Mwaka 1831 Michael Faraday, Mwingereza, alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na waya, huzaa umeme ndani yake. Basi, mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walieleza jinsi walivyofunga waya wa mviringo kwenye ndege ndogo isiyo na rubani. Ilitulia hewani juu ya kipima chenye waya kama huo, na umeme ukavuka bila kugusana. Lakini ndege ikiyumba, umeme hupungua. Nayo inakula betri yake yenyewe. Ikikawia mno, itaanguka.